Dhahabu Iko Chini, Kesi Iko Mezani

Mwaka 1940 mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, Shinyanga, baada ya miaka ya kuhangaika porini akiwa na mfuko mwembamba. Miongoni mwa watu waliomshika mkono alikuwemo mwanasheria. Jina lake I. C. Chopra, wakili mwenye asili ya India aliyekuwa na ofisi Mwanza na baadaye kiti katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Alimshauri Williamson kuhusu sheria, akamsaidia kwa fedha, na hakuishia kutuma ankara: akawa mwenye hisa katika kampuni ya Williamson Diamonds. Mwaka 1947 mgodi huo ukatoa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth kwa ajili ya harusi yake. Williamson alifariki Januari 1958, na mwaka huohuo serikali ya Tanganyika na De Beers wakauchukua mgodi, nusu kwa nusu.

Leo wakili anayejikatia kipande katika mgodi wa mteja wake angekuwa na mengi ya kueleza mbele ya Kamati ya Mawakili. Lakini Chopra alikuwa ameona jambo ambalo wenzake wengi wa enzi ile, waliozoea kesi za maduka na pamba, hawakuliona. Mali ya ukanda huu hulindwa kwanza kwa hati. Mwenye mwamba asiye na karatasi ana shimo tu.

Ukitoka Mwadui ukielekea magharibi unapita Shinyanga mjini, unaingia Kahama, kisha Kakola, hadi Geita. Katika njia hiyo imefunguliwa migodi mikubwa mitatu ndani ya miaka kumi: Mgodi wa Dhahabu Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009. Buzwagi umekwisha kufungwa. Katikati ya migodi hiyo kuna mashimo ya wachimbaji wadogo yasiyo na idadi, na kila shimo lina watu wanne au watano wanaoamini kuwa lina mali yao. Hapo ndipo wakili wa kesi za biashara anapopata riziki.

Njia ya kufika hapo ni ndefu. Kijana husoma shahada ya sheria, ambayo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huchukua miaka minne. Akimaliza bado si wakili. Huingia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo kila mtu huiita Shule ya Sheria, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Ni mwaka mmoja tu, lakini umevunja mioyo ya wengi. Oktoba 2022 matokeo ya mkupuo mmoja yalizua gumzo nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wabunge walikuja juu, wazazi wakalalamika, na Waziri wa Katiba na Sheria wakati huo, Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Harrison Mwakyembe kutafuta kiini cha tatizo. Anayevuka kizingiti hicho hupeleka maombi kwa Jaji Mkuu, hupokelewa uwakili, hujiunga na Chama cha Wanasheria Tanganyika, kilichoanzishwa mwaka 1954, kisha kila mwaka hulipia leseni ya kuendelea na kazi.

Hata hapo bado hajaiona kesi ya mgodi. Wakili mpya wa Kahama au Geita huanza na viapo vya kupotelewa na vyeti, mikataba ya kuuziana viwanja, mirathi, na dhamana za vijana waliokamatwa wakivuka uzio wa mgodi usiku. Mteja mwenye dai la mamia ya mamilioni hamkabidhi faili mtu aliyemwona jana. Anachojifunza wakili katika miaka hiyo hakimo sana kwenye vitabu vya chuo: kusoma hesabu za kampuni, kujua taarifa ya benki inaficha nini, kutofautisha mkopo na mtaji, na kumfahamu karani wa masjala anayejua faili lilipo.

Akikomaa, milango anayoigonga ni kadhaa. Mahakama Kuu ina Divisheni ya Biashara, iliyoanzishwa mwaka 1999 ili migogoro ya wafanyabiashara isioze kwenye foleni moja na mirathi na mauaji, na ina masjala Mwanza. Huko ushahidi mkuu wa shahidi hutolewa kwa maandishi, si kwa kusimulia kizimbani. Shahidi akifika mahakamani, kazi inayobaki ni maswali ya dodoso. Kwa hiyo kesi kubwa ya biashara hupikwa ofisini miezi kabla ya kusikilizwa, sentensi kwa sentensi, kielelezo kwa kielelezo. Wakili hodari wa kupaza sauti hupwaya hapo. Shinyanga ina Mahakama Kuu yake, na Geita nayo imepata masjala ndogo, nafuu kubwa kwa watu ambao zamani faili zao zilisafiri mpaka Tabora au Mwanza.

Wengi wanapowaza kesi za dhahabu huwaza kampuni za kigeni. Kazi ya kila siku iko kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Chukua mfano wa kubuni, ingawa mtu wa Nyarugusu au Mgusu, huko Geita, hatauona mgeni. Mwenye leseni ndogo, ile wachimbaji wanayoiita PML, isiyozidi hekta 10 na inayodumu miaka saba, anamruhusu mtu kuchimba duara ndani ya eneo lake. Ardhi ya juu ni shamba la mzee mwingine. Mwenye duara hana fedha za matimba, kompresa wala chakula cha vijana, basi anamtafuta sponsa wa mjini. Makubaliano yanaandikwa kwenye kaunta buku: mgao wa mawe, sehemu ya mwenye leseni na mwenye shamba, sehemu ya duara, sehemu ya wachimbaji. Mwenyekiti wa kitongoji anagonga muhuri, wengine wanaweka dole gumba, soda zinanyweka.

Miezi inapita vijana wakitoa vifusi. Siku mwamba unapopatikana, kila mmoja anakumbuka maneno yake. Mawe yanapelekwa kwenye karasha, yanasagwa, yanaoshwa kwenye mwalo, dhahabu inakamatwa kwa zebaki na kugawanywa. Unabaki udongo uliokwisha kuoshwa, marudio. Na marudio si takataka. Yakipelekwa kwenye matangi ya kuchenjua kwa sianidi yanaweza kutoa dhahabu nyingi kuliko ile ya kwanza. Ni ya nani? Mwenye leseni anasema mkataba ulihusu mawe, marudio ni yake. Mwenye karasha anasema kwa desturi yakibaki kwake ni yake. Sponsa anasema yeye ndiye aliyelisha watu miezi yote hiyo. Kaunta buku limekaa kimya, kwa sababu siku ya kuandika hakuna aliyewaza mbali kiasi hicho.

Wakili anayeletewa ugomvi huu haanzi na haki ya nani. Anaanza na mlango. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 imeipa mamlaka ya madini, ambayo sasa ni Tume ya Madini, uwezo wa kusikiliza migogoro ya wachimbaji kuhusu mipaka, vitendo vya mmoja dhidi ya mwenzake na fidia. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Ukikimbilia mahakamani na jambo lililopaswa kuanzia Tume, upande wa pili utaleta pingamizi la awali, na kesi yako itatupwa kabla hata neno dhahabu halijatamkwa. Wapo waliopoteza miaka kwa kosa hilo. Kisha anaulizia stempu: mkataba ambao haujalipiwa ushuru wa stempu haupokelewi kama ushahidi mpaka ushuru na faini vilipwe. Anahesabu miaka, maana dai la mkataba hufa likipita miaka sita. Na kama mdaiwa ni serikali au halmashauri, anaandika notisi ya siku 90 na kusubiri, huku marudio yakiendelea kuchenjuliwa.

Kuna aina nyingine ya kesi ambayo mawakili wa huku huipokea kwa kuguna. Mgeni mwenye mtaji ameleta mitambo, lakini leseni ndogo hutolewa kwa Watanzania pekee, basi jina kwenye leseni ni la mwenyeji. Dhahabu ikitoka, mwenyeji anagundua kuwa kisheria eneo lote ni lake. Mgeni anafungua madai kwa mkataba wa pembeni ambao, ukisomwa kwa makini, unaonyesha kwamba wote wawili walikuwa wakiizunguka sheria. Mahakama haina huruma na mikataba ya namna hiyo, na wakili mwaminifu humwambia mteja ukweli huo kabla ya kuchukua ada.

Panda ngazi moja juu. Mgodi wa Geita ulikuwa na mkataba wa uendelezaji na serikali uliotaja kiwango maalumu cha malipo kwa halmashauri, dola 200,000 kwa mwaka. Sheria ya fedha za serikali za mitaa wakati huo ilitaja ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo, na kwa mgodi mkubwa tofauti ya viwango hivyo ilikuwa mabilioni ya shilingi. Mgodi ulianza kulipa kwa asilimia mwaka 2014, lakini miaka ya nyuma ikabaki kidonda. Septemba 2017 madiwani wa Geita walifunga barabara za kwenda mgodini wakidai malimbikizo ya zaidi ya dola milioni 12. Kwa mpita njia ilikuwa siasa ya barabarani. Kwa mwanasheria lilikuwa swali safi la kesi ya biashara: mkataba uliosainiwa na serikali kuu unaweza kuifunga halmashauri isinufaike na sheria ya Bunge?

Kodi ndiyo inayolipa ada nene kuliko zote, na haihitaji mtu kuchafua viatu. Kampuni ya African Barrick Gold, iliyoandikishwa Uingereza na kumiliki Bulyanhulu na Buzwagi, iliwalipa wanahisa wake gawio la dola milioni 412 kati ya mwaka 2010 na 2013, wakati ambapo migodi yenyewe nchini ilikuwa ikionyesha hasara kwenye vitabu. Mamlaka ya Mapato, TRA, ikaidai kodi ya zuio. Machi 2016 Baraza la Rufani za Kodi liliamua kampuni ilipe dola milioni 41.25, na rufaa yake Mahakama ya Rufani haikufua dafu. Msingi wa ugomvi ulikuwa mkavu kama hesabu za shule: kampuni iliyozaliwa London inaweza kuhesabiwa kuwa mkazi wa Tanzania kwa ajili ya kodi? Karata muhimu za kesi hiyo zilikuwa vyeti vya usajili na vya kodi.

Kuna kanuni moja ya kodi inayowatoa jasho wateja wa kawaida pia, si makampuni tu. Ukipinga makadirio ya TRA, pingamizi halipokelewi mpaka ulipe kiasi usichokibishia au theluthi moja ya kodi uliyokadiriwa, kipi kikubwa. Mfanyabiashara wa Kahama anayesema hadaiwi hata senti hulazimika kulipa kwanza ndipo asikilizwe.

Halafu ukaja mwaka 2017, ambao mawakili wa biashara wa kizazi hiki hawatausahau. Mwezi Machi serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye madini, na makontena 277 yakakwama Dar es Salaam. Kamati ya uchunguzi ya Profesa Abdulkarim Mruma ilitoa taarifa yake Mei, ya Profesa Nehemiah Osoro ikafuata Juni. Julai TRA ikaiandikia Acacia, jina jipya la African Barrick, madai ya dola bilioni 190, pamoja na riba na adhabu: zaidi ya mara tatu ya uchumi wa nchi nzima kwa mwaka. Bulyanhulu na Pangea Minerals, kampuni ya Buzwagi, zilikuwa tayari zimepeleka notisi za usuluhishi wa kimataifa, shauri la London, kama mikataba yao ilivyoruhusu.

Mwezi huohuo Bunge lilipitisha sheria mpya za rasilimali. Mojawapo inasema migogoro ya utajiri wa asili isipelekwe kwenye vyombo vya nje. Wapo wanasheria walioshangilia na wapo waliotikisa kichwa, wakisema mikataba ya zamani haifutwi kwa kalamu mpya. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Tanzania ilikuja kuonja upande mchungu wa jambo hilo mbali na Geita: mwaka 2023 mahakama ya usuluhishi ya kimataifa iliamua iwalipe wawekezaji wa mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, Lindi, fidia ya zaidi ya dola milioni 100, baada ya leseni za uhodhi kufutwa. Mwaka uliofuata pande mbili zilimalizana kwa dola milioni 90.

Makinikia hayakufika hukumuni. Profesa Palamagamba Kabudi, wakati huo Waziri wa Katiba na Sheria, aliketi mezani na watu wa Barrick, kampuni mama ya Acacia, na Oktoba 2017 wakatangaza mwelekeo: dola milioni 300, hisa za asilimia 16 kwa serikali, na manufaa ya kiuchumi kugawanywa nusu kwa nusu. Mikataba yenyewe ilitiwa saini Januari 2020, na kampuni ya ubia ikaitwa Twiga. Wanaolalamika kwamba dola bilioni 190 ziliishia dola milioni 300 wana haki ya kuuliza. Lakini hakuna wakili wa biashara aliyeshangaa sana. Idadi kubwa ya kesi zao huishia kwenye meza ya maridhiano, na dai la kwanza huwa ni mahali pa kuanzia maongezi.

Inavutia kwamba waliokuwa pande tofauti za mjadala wa dhahabu walitoka darasa moja. Kabudi alisoma na kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitivo hichohicho kiliwatoa Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala, waliofanya kazi pamoja katika LEAT, timu ya mawakili wa mazingira, na kushughulikia malalamiko ya wachimbaji wadogo waliohamishwa Bulyanhulu mwaka 1996. Kwa mujibu wa LEAT, Mahakama Kuu Tabora ilitoa amri ya zuio Agosti mwaka huo, lakini kuhamishwa kukaendelea. Madai kwamba watu walifukiwa mashimoni yalikanushwa na serikali na kampuni, na mwaka 2002 Lissu na Nshala wakajikuta wao wenyewe kizimbani kwa mashtaka ya uchochezi. Baadaye kila mmoja kwa wakati wake alichaguliwa Rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika. Lissu alipoonya mwaka 2017 kuhusu hatari ya kushtakiwa nje, aliongea kama mtu aliyekwisha kuisoma mikataba hiyo kwa miaka karibu ishirini, awe sahihi au asiwe.

Mwadui nayo imerudi mahakamani, safari hii bila Chopra. Watu 71 wa maeneo ya jirani na mgodi, wakiwakilishwa na kampuni ya mawakili ya Leigh Day, waliishtaki Petra Diamonds, wakati huo mmiliki mkuu wa mgodi huo, katika Mahakama Kuu ya London kwa madai ya ukatili wa walinzi. Mei 2021 pande hizo zilimalizana kwa pauni milioni 4.3, kiasi kilichojumuisha gharama za kisheria na miradi ya jamii, bila kampuni kukiri kuwajibika kisheria. Mwanakijiji wa Kishapu, wilaya ulipo mgodi huo, alipata wakili wa London kwa sababu kampuni mama iliorodheshwa katika soko la hisa la kule. Wakili wa Shinyanga anayetazama kisa hicho ana sababu ya kujiuliza kwa nini faili halikupitia kwake, na jibu halipendezi: gharama ya kukusanya ushahidi wa watu 71 kwa miaka mingi ofisi ndogo ya hapa haiwezi kuibeba.

Kazi nyingine, hata hivyo, imerudishwa nyumbani kwa sheria. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa wenyeji katika madini zinamtaka mwenye leseni anayehitaji huduma za kisheria nchini azipate kwa mawakili wa Kitanzania. Ofisi kubwa za Dar es Salaam zimefaidi zaidi, hilo halina ubishi. Lakini faili likihitaji mtu wa kwenda Kakola kuzungumza na shahidi, au kusimama Geita siku ya kutajwa kesi, simu hupigwa kwa wakili wa Kahama, na vijana kadhaa wamejenga jina kwa simu hizo.

Lugha ya kesi nayo inabadilika, na mgodi una mkono wake. Jaji Zephrine Galeba, akiwa Mahakama Kuu Musoma, aliandika kwa Kiswahili uamuzi wa shauri lililoihusu kampuni ya Mgodi wa Dhahabu wa North Mara. Februari 2021, katika Siku ya Sheria, Rais John Magufuli alimsifu hadharani na kumteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwaka huohuo sheria ikarekebishwa: Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapokihitaji. Mikataba ya makampuni bado huandikwa Kiingereza, kurasa mia na ushee. Mwenye duara anayekuja na kaunta buku lake sasa anaweza kufuatilia mwenyewe wakili wa upande wa pili anapombana shahidi kuhusu ukurasa wa mgao, na kumvuta joho wakili wake pale jambo linapopindishwa.